Hawajakukataa, Ni Bei Tu

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Kadi aliuza bima ya afya, na jambo moja tu katika kazi hiyo lilimkosesha raha: kuwarudisha wagonjwa. Fomu iliuliza una maradhi gani ya kudumu, na aliyejibu kweli hakupata kadi. Fundi cherehani wa mtaani kwao, mume wa shoga yake, alikuwa na figo mbovu. Huyo, Mama Kadi alimrudisha mara tatu.

Ndiyo maana serikali ilipotoa sheria kwamba kila kampuni ya bima impokee yeyote, mzima kwa mgonjwa, kwa bei ileile, alifunga ofisi mapema akaenda mwenyewe dukani kwa fundi.

"Lete kitambulisho, shemeji. Lile swali la maradhi limefutwa."

Fundi alivua miwani. "Unanitania."

"Tumetaniana lini mimi na wewe habari za figo?"

Mwaka ule fundi alisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alinawiri, akarudi kushona suti, na Mama Kadi akatembea kifua mbele.

Mwaka wa pili mambo yakaenda mrama. Wagonjwa waliingia kwa wingi, bei ikapanda. Ilipopanda, vijana wasioumwa hata mafua wakaona wanatupa pesa, wakajitoa. Waliobaki wakawa wagonjwa watupu, bei ikapanda tena. Kisha mamlaka ya bima ikazitaka kampuni ziweke akiba kubwa zaidi benki, wateja wasije wakadhulumiwa. Lilikuwa jambo la maana, lakini kampuni ndogo zikafa kwa mkupuo, ya Mama Kadi ikiwemo. Kati ya saba ikabaki moja, na kwa kuwa haikuwa na mshindani, ikajipangia bei.

Kampuni hiyo ikamwajiri Mama Kadi. Kazi ya kwanza aliyopewa ni kuwapelekea wateja wake wa zamani bei mpya.

Fundi aliisoma karatasi mara mbili. "Hii ni ya mwaka?"

"Ya mwezi, shemeji."

Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, aliinua pasi akabaki ameishika hewani. "Hakuna kampuni nyingine?"

"Hakuna."

"Si sheria inasema hawawezi kunikataa?" fundi aliuliza.

"Hawajakukataa," Mama Kadi alisema. "Ni bei tu."

Fundi akacheka kicheko kikavu. "Zamani ulinirudisha wewe. Sasa nijirudishe mwenyewe."

Aliomba fomu ya kujitoa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, basi Mama Kadi akamjazia.

Wiki ile akaenda kwenye mamlaka. Ofisa aliyempokea alikuwa mpole, akamsikiliza mpaka mwisho. "Nia ilikuwa njema, mama. Tunaipitia upya sheria. Bunge likikaa, italetwa."

"Likikaa lini?"

"Miezi minne hivi."

Fundi akaanza kwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Wakauza cherehani moja, wakauza na ya pili. Alifariki Jumanne asubuhi, bunge halijakaa.

Msibani Mama Kadi alijificha nyuma kabisa, amejiandaa kutukanwa. Hakuna aliyemtukana. Mjane ndiye aliyemletea kiti.