Nani Alianza Kukohoa

Mtafiti wa kifua kikuu aliweka vichupa vya makohozi mezani. Fundi viatu, mgane wa miezi minne, alimtazama kwa jicho la pembeni.

“Baba, nani alianza kukohoa humu ndani?”

“Mke wangu. Alikwenda zahanati kupima presha, mkamkalisha siku tatu benchini na wanaokohoa. Andika benchi.”

“Fomu inauliza watu wa nyumba hii tu.”

“Ahaa! Wakubwa wako wajanja. Lawama abebe marehemu, maana hana mdomo.”

Chumbani binti yake akakohoa. Fundi akanywea, akachukua kichupa kimoja.

“Basi mpime huyu. Lakini andika benchi hapo pembeni, nikuone.”

Mtafiti akaandika. Fundi, asiyejua kusoma, hakumwamini.

“Mwanangu, njoo unisomee. Ukiliona benchi, ndipo uteme.”