Nati za Gladness

Tangu lini nati za gari zikamtaka mume wa mtu arudi kwa mwanamke? Hilo ndilo lililomkaba Zita rohoni siku zote zile za kuelekea Krismasi.

Mumewe, Valerian, alitaka gari ling'are watakapopanda mlimani Kibosho kwa mama yake, maana Krismasi uwanja wa kanisa kule hugeuka maonyesho ya magari. Akalipeleka gereji mtaa wa Pasua, kwa fundi Gladness, rimu zikapigwa rangi ya silva. Siku ya kulichukua Zita alifuatana naye. Akamwona huyo Gladness, mikono myeusi kwa grisi na bado mzuri, anamaliza kukaza nati huku anamchekea Valerian.

"Kaka, rangi bado mbichi. Ikisagika chini ya nati, nati zitalegea. Zunguka nalo mjini kidogo, halafu urudi nikukazie tena."

Urudi nikukazie tena. Zita alivimba palepale.

"Amekaza, mimi nimeona," alisema njiani. "Fundi gani anakaza nusu?"

"Mama Priska, ndivyo inavyotakiwa," Valerian akamjibu.

"Nenda basi. Ila ukikanyaga kule, mimi narudi kwetu."

Jioni akachukua simu ya mumewe, akaifuta namba ya Gladness. Amani hakuipata. Valerian akichelewa kurudi nyumbani Rau, shati linanuswa. Akileta mkate, anaulizwa kaununua wapi, na kwa nini umepoa. Mwanamume wa watu anaapa hajaenda Pasua, Zita anamjibu, "Umeenda. Uso wako unasema." Yote hayo kwa wivu tu.

Mchana wa kuamkia Krismasi wakapanda mlima. Priska, binti yao mdogo, alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mfuko wa mchele wa Chekereni. Walipoanza kupita kwenye migomba, kitu kikagonga nyuma, kok, kok, na gari likatikisika. Valerian akapunguza mwendo, akasimama pembeni ya korongo. Wakashuka kutazama. Tairi la nyuma lilikuwa limekaa upande. Nati mbili hazipo, na zilizobaki Zita alizizungusha kwa vidole.

Kwanza, Mungu amsamehe, alifurahi. Kumbe kweli mume wake hakwenda kwa yule mwanamke. Angekwenda, zingekuwa zimekazwa. Alitabasamu kabisa. Kisha akainua macho, akaona nywele za Priska kwenye kioo, juu ya tairi lilelile. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Kwa nini hukwenda?" aliuliza.

"Si ulisema utaondoka," Valerian akajibu. "Sasa hata kumpigia siwezi. Namba yake sinayo."

Zita alikuwa nayo kichwani. Aliikariri kabla ya kuifuta, ili siku ikipiga aitambue. Akaipiga yeye.

"Dada Gladness, ni mke wa Valerian. Nati za tairi la nyuma zimelegea, mbili zimeanguka."

"Hakurudi nizikaze?"

Zita akakiri, "Nilimkataza."

Gladness hakuuliza kwa nini. Alimwambia wamshushe mtoto, wapige jeki, waazime nati moja moja kwenye matairi ya mbele. "Ukikaza moja, ruka ukakaze ya upande wa pili, usizifuate kwa mzunguko. Gari likishuka chini, ndipo mzimalizie kwa nguvu."

Zita alishika spana mwenyewe. Valerian alipotaka kumpokea akakataa, akakaza mpaka viganja vikamwuma, akazirudia zote, na matairi mengine pia. Simu ilikuwa bado wazi kwenye bega lake.

"Sasa shukeni polepole mje niangalie kama bolti ni nzima," alisema Gladness. "Na safari hii mrudi kukaza tena."

"Tutarudi," Zita akasema. Wivu nao haufi siku moja, akaongeza, "Wote watatu."