Trekta Linalolia Dizeli

Mzee Loishiye, jirani wa kina Namnyaki, alidai kwamba trekta lile linalia. Eti tangu baba yake Namnyaki alinunue kwenye mnada wa shamba la serikali, linawakumbuka wenzake wa huko, ndiyo maana kila asubuhi linakutwa limemwaga machozi ya dizeli.

"Basi leo tulifute machozi," alisema binti huyo, Namnyaki. Baba aliahidi kwamba likipona litalima siku hiyohiyo, na Namnyaki alitamani aliendeshe yeye.

Namnyaki alikausha mabomba ya dizeli, akayapaka jivu ili aone panapovuja, akapandisha dizeli kwa pampu ya mkono, akangoja. Jivu likalowa mahali pamoja tu, kwenye nati ya filta. Baba akashika spana.

"Usiikaze tena baba, itakatika!"

Namnyaki akafungua nati, akachomoa kipete cha shaba kilichokaa chini ya nati, akakichoma kwenye makaa yaliyokuwa yakipikia loshoro, chakula cha mahindi na maziwa, mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza majini. Kikalainika, akakirudisha chini ya nati, kikabana vizuri. Trekta likawaka, jivu likabaki kavu.

"Kumbe lilitaka loshoro tu!" Mzee Loishiye akacheka.

Baba akamwita Lesian, kaka yake Namnyaki, aje aliendeshe. Lakini kitini alishakaa Namnyaki.

"Baba, niachie nilime mimi. Hata mstari mmoja tu."

Baba akamtazama Lesian, akatazama kiti, akaanza kupangusa jivu mikononi. "Haya, mstari mmoja," akamwambia Namnyaki.