Mshika Kadi wa Chumba cha Tatu

Iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba Edah hakuanza yeye.

Ilikuwa Machi 2006, siku ya masomo ya Wayahudi wa Birmingham, katika chuo walichokodi Erdington. Sheria zilijulikana na wote: yeyote anaweza kufundisha, kila kazi, hata kuosha vikombe, hufanywa kwa kujitolea, na hakuna vyeo, beji ina jina la kwanza tu. Ndiyo maana mzee wa kofia nyeusi aliketi ukumbi mmoja na rabi mwanamke, na asiyesali kabisa alikula chakula kilekile, kilichopikwa kwa masharti ya yule mkali kuliko wote.

Mwenyekiti, Mervyn Zissman, alikuwa ameongeza kwa kalamu chini ya jina lake: MWENYEKITI.

Kwa miezi miwili katika bweni la shule, wenzake wakicheza hoki, Edah aliandaa somo lake la kwanza: mabinti watano wa Selofehadi, waliomwendea Musa kudai urithi wakapewa. Mama yake Truphosa, muuguzi, alibadilishana zamu akaja kutoka Northfield kumsikiliza. Asubuhi wakakuta somo limekatwa kwa kalamu kwenye ubao wa matangazo. Juu yake: “Unyenyekevu wa Kiongozi. Mervyn.” Ilikuwa hotuba yake ya pili siku hiyo.

Edah akamfuata. Mervyn, akijua familia yao ilitoka Kenya, alijibu kwa Kiswahili alichookota utotoni shambani kwa baba yake, Nakuru.

“Veve toto! Fundisha ni kazi ya watu kubwa. Veve shika kadi.”

“Lakini sheria inasema yeyote...”

“Kazi yako inua kadi tu. Na lete chai. Sukari mbili.”

Toto. Mbele ya mama yake. Truphosa akatazama viatu vyake, na hapo ndipo Edah alipokula kiapo. Bweni lilikuwa limemfundisha jambo moja: kutii mpaka aliyekuamuru ajute. Akaleta chai. Sukari mbili.

Kila somo lilikuwa la saa moja, na kadi za muda uliobaki zilikuwa nne: dakika kumi, tano, moja, na nyekundu iliyoandikwa KWISHA. Mshika kadi hukaa nyuma na kuziinua, mwalimu hutii. Mervyn hakuvaa saa. Alipenda kusema mtumishi wa jumuiya hahesabu saa. Simu aliagiza mwenyewe zizimwe. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, kwa kuwa betri yake ilikuwa inapumzika mfukoni mwa Edah.

Katika Chumba cha Tatu, Mervyn alianza na utoto wake. Alipofika mwaka 1961, Edah akainua kumi. Mervyn akashtuka, akaruka miaka ishirini. Tano. Akafunua kurasa sita kwa mkupuo. Moja. Unyenyekevu wenyewe ulipata sentensi moja na nusu. Nyekundu.

Makofi yakalipuka. Wenye saa mkononi waliona ni dakika kumi na tisa tu, lakini hakuna aliyeona sababu ya kulalamika.

Edah akasimama. “Asante, Mervyn. Zimebaki dakika arobaini na moja. Jamani, tukae wawili wawili.” Akaanza kugawa karatasi zake.

“Nini hii?” Mervyn alinong’ona. “Saa yangu bado kwisha?”

“Bado sana.” Edah akamwekea kadi mkononi. “Kazi yako ni kuinua kadi tu. Hapa wote tunajitolea, sivyo, Mervyn?”

Watu thelathini walikuwa wakimtazama. Mwenyekiti akaenda kukaa nyuma.

Chumba kikajaa kelele za watu wanaobishana wawili wawili juu ya wasichana watano. Truphosa, kidole juu, alikuwa akimbana yule rabi mwanamke kwa swali ambalo halikuwa na jibu. Huko nyuma Mervyn alichambua kadi: kumi, tano, moja. Akazichambua tena. Akainama kutazama chini ya kiti. Nyekundu ilikuwa ndani ya koti la shule la Edah, karibu na betri.

Akainua ya dakika moja, juu kabisa, kwa mikono miwili.

Edah akamwinamishia kichwa kwa heshima kubwa, akaendelea na binti wa tatu.

“Na Mervyn,” akasema, bila kugeuka, “ukiweza, mletee mama yangu chai. Sukari mbili.”