Pikapu ya Mwalimu

Siku kioo cha nne kilipopasukia ndani ya gari la kukodi, Bi Kioo aliapa kwamba hatabebewa tena mzigo na mtu. Kilikuwa kioo cha mlango wa duka la dawa, kikubwa kuliko kitanda, na alikuwa amekikata kwa mkono wake asubuhi ileile, akazisugua kingo zake mpaka zikawa laini kama sabuni. Dereva aliviangalia vipande vilivyotapakaa kwenye bodi, akasema barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini springi za gari lake zilikuwa mbaya zaidi, na kamba aliyofungia ilikuwa ya kuanikia nguo.

Jina la Bi Kioo alipewa na wateja, likamganda. Karakana yake ilikuwa na vyumba viwili: kimoja kina meza ya kukatia iliyotandikwa zulia kuukuu, kingine kimejaa fremu za alumini na vioo vilivyosimamishwa ukutani, maana kioo hakilazwi. Alihitaji pikapu ya dizeli, yenye nguvu ya kupanda mlima na mzigo, ambayo angeitengenezea mwenyewe fremu ya kusimamishia vioo nyuma. Akiba yake ya miaka minne ilitosha gari moja tu. Akikosea, basi.

Kwa hiyo aliwatafuta washauri wawili. Wa kwanza alikuwa kaka yake mkubwa, karani wa ghala la saruji, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini akianza kuzungumzia injini utadhani alizizaa yeye. Wa pili alikuwa Spana, fundi wa magari mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, mtu wa maneno machache mpaka anaudhi.

"Gari la dizeli ulikute limelala, injini ya baridi," Spana alimwambia. "Likiamka mbele yako, litakueleza kila kitu. Ukilikuta limeshaamka, umekwenda kusalimia tu."

Pikapu waliyoisikia ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, nyeupe, imetunzwa. Walikwenda Jumamosi asubuhi, wote watatu. Mwalimu aliwapokea getini, shati limenyooshwa, akawaonyesha gari kama anayemtambulisha mtoto aliyefaulu. Spana alisogea karibu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa.

"La moto," alisema.

"Nimetoka kulitia mafuta," Mwalimu akajibu. "Nisingependa mlikute halina kitu."

Spana aliendelea na kazi. Aliliwasha, akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake, akakitazama kwa muda mrefu. Kifuniko kilitulia, hakikurushwa na pumzi ya injini iliyochoka. Alitandika gunia, akaingia chini ya gari na kugonga chesi, ile fremu ya chuma ya chini, kwa bisibisi kutoka mwanzo hadi mwisho akitafuta kutu. Akaliendesha mpaka kona na kurudi. Alipomaliza alijifuta mikono.

"Zuri. Ila sijaliona likiamka."

Bi Kioo akaomba warudi siku nyingine. Jumatatu alimpigia Mwalimu simu, akamwomba kwa adabu zote: kesho tunakuja saa moja asubuhi, tafadhali usiliwashe. Mwalimu akasema hakuna shaka, mwanangu. Jumanne saa moja kamili Spana akaweka kiganja juu ya boneti, na safari hii hata Bi Kioo aliona mvuke wa joto ukicheza juu ya bati.

"Mjukuu alichelewa shule," Mwalimu alisema. "Ningefanyaje?"

Kaka alimvuta dada yake pembeni. "Huyu anatupiga chenga. Nimesoma kwenye simu, wakipasha gari namna hii ujue injini imekwisha."

"Umesoma kwa nani?"

"Watu wanaojua."

Bi Kioo aliinamisha kichwa. Nyumbani kulikuwa na oda ya madirisha kumi na mawili ya ukumbi wa kanisa, na mzee wa kanisa alikuwa ameshauliza mara mbili. Kila asubuhi aliyokuja hapa kugusa boneti ya moto ilikuwa asubuhi ambayo hakukata kioo.

Alhamisi hakumwambia mtu. Alitoka kwake jua halijachomoza, akatembea mpaka kwa Mwalimu, na kabla hajafika getini aliisikia. Injini inanguruma. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye usukani katika shati la kulalia, mlango wazi, moshi umejaa ua mzima.

Hapo hasira ikampanda.

"Mwalimu, leo unampeleka nani shule?"

Mzee alishtuka, akazima gari.

"Nakuja hapa mara ya tatu," Bi Kioo alisema. "Naacha kazi, naleta fundi, nakuomba jambo moja tu. Jambo moja. Nawe mtu mzima, mwalimu wa watu, unanidanganya mbele ya uso wangu."

"Unaniita mwongo nyumbani kwangu?"

"Nakuita kwa ulichofanya."

Mwalimu alishuka. Alichomoa ufunguo, akaushika kidogo kama anayeupima uzito, kisha akaunyoosha mkono. "Chukua. Ondoka nao. Gari litalala hapa na mimi sina ufunguo mwingine. Kesho njoo na mafundi wako wote."

Kesho yake boneti ilikuwa baridi, ina umande. Spana alikagua kwanza bomba la moshi, akasimama nyuma ya gari, akamwashiria Bi Kioo awashe. Starta ilizunguka. Ikazunguka. Ikazunguka mpaka kaka akaanza kutikisa kichwa. Bi Kioo akaacha, akajaribu tena, na tena, ndipo injini ikashika kwa kukohoa, gari zima likitetemeka kama mtu mwenye homa, na moshi mweupe ukamfunika Spana mpaka kiunoni. Dakika moja hivi. Kisha moshi ukapungua, mtetemeko ukaisha, na injini ikatulia kabisa.

"Nilikuambia," kaka alisema.

"Hita plagi," Spana alisema. Akaeleza kwa mkono: ni vijiti vinavyopasha chumba cha injini moto kabla haijawaka, na viwili au vitatu vimekufa. "Ni kazi ya asubuhi moja. Injini yenyewe ni nzima."

Bi Kioo alimgeukia Mwalimu. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," Mwalimu alijibu. Uso wake ulikuwa umechoka. "Watu wawili kabla yako niliwaambia, linasumbua asubuhi. Wote waliondoka hata kabla ya kufungua boneti. Nikaona nisirudie."

Bi Kioo aliyasikia maneno hayo, na mahali fulani moyoni aliyaamini. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa amekasirika siku nne mfululizo, na hasira ya siku nne haishuki kwa sentensi moja. Alimvuta Spana kando.

"Anaficha nini kingine?"

Spana alikuna ndevu. "Ukiniuliza gari, gari ni zima. Ukiniuliza mtu, mimi sijasomea watu." Alisema kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake.

Kaka hakuwa na sauti ya chini. "Aliyekudanganya mara tatu atakudanganya ya nne. Twende zetu. Utauziwa mbuzi kwenye gunia."

Bi Kioo alirudisha ufunguo, akaondoka bila kuaga vizuri.

Wiki iliyofuata Spana alisafiri kwenda kwa dada yake aliyelazwa hospitali. Akamwomba Bi Kioo amsubiri. Bi Kioo hakusubiri, maana mzee wa kanisa alikuwa ameuliza mara ya tatu. Yeye na kaka yake walikwenda kwenye yadi ya magari asubuhi na mapema, mlinzi akiwa bado anafungua minyororo. Boneti za magari yote zilikuwa baridi. Walichagua pikapu ya rangi ya fedha, injini imeoshwa inang'aa kama sufuria jipya. Bi Kioo akageuza ufunguo, ikawaka kabla hajamaliza kuugeuza. Hakukuwa na kikohozi wala moshi.

"Umeona?" kaka alisema. "Hii ndiyo dizeli."

Aliinunua siku hiyohiyo.

Wiki sita zilipita vizuri. Ya saba, akiwa amebeba madirisha mawili ya mwisho ya kanisa, katikati ya mlima, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho. Mvuke ukatoka chini ya boneti. Alisimamisha gari, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua kifuniko cha oili kama alivyomwona Spana akifanya. Ndani kulikuwa na ute wa rangi ya chai ya maziwa. Hakuhitaji kuambiwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Alimpigia kaka yake, ambaye alisema yuko kazini na kwamba labda ni sensa ya joto tu inayodanganya. Kisha akampigia Spana, aliyekuwa amesharudi.

"Usiiwashe tena," Spana alisema. "Nakuja."

Alikaa kando ya barabara juu ya ndoo, amevishikilia vioo kwa macho. Baada ya nusu saa pikapu nyeupe ilipanda mlima bila kuhangaika, ikasimama nyuma yake. Akashuka Spana.

Bi Kioo alilitazama gari. Alimtazama Spana. Akalitazama gari tena.

"Hili si la Mwalimu?"

"Lilikuwa."

"Umelinunua wewe."

"Wiki mbili baada yenu. Sikuwa na haraka, nilimlipa kidogokidogo." Alikuwa ameshafungua boneti ya lile la fedha, akanusa, akachovya kidole kwenye rejeta. "Gasketi ya silinda hedi imeungua, ile inayotenga maji na oili. Wale wa yadi walitia dawa ya kuziba, na oili nzito, wakaosha injini. Injini iliyooshwa namna hii imefutwa ushahidi. Siku ile ya kununua ningeiona hewa ikitoa mapovu kwenye maji ya rejeta."

"Usingeiona, hukuwepo."

"Sikuwepo," alikubali.

Walihamisha vioo kimoja kimoja, kila mmoja ameshika pembe zake, wakavisimamisha na kuvifunga kwa mikanda. Bi Kioo aliketi mbele, kiti alichokuwa amekikataa. Mlima uliobaki ulipandwa bila kelele. Alitaka gari likohoe hata mara moja, apate cha kusema. Halikukohoa.

"Asubuhi linasumbua?" aliuliza mwishowe.

"Nilibadilisha hita plagi. Linashika mara moja."

"Niuzie."

"Hapana."

Alimeza hilo. Walipita kona mbili. "Ungeniambia ninunue," alisema. "Siku ile. Ulijua ni zuri, ukanyamaza."

"Nilikuambia ni zima."

"Uliniambia ukitazama viatu. Kaka yangu anapiga kelele, wewe unanong'ona. Mtu akikosa usingizi siku nne anamsikia nani?"

Spana aliendesha mpaka wakafika kwenye geti la kanisa. Alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Hilo ni kweli," alisema. "Nilisema kwa sauti ndogo. Sikutaka kugombana na kaka yako."

Bi Kioo alitegemea abishe. Alikuwa ameshapanga maneno ya kujibu, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Alishuka, akafungua mikanda, na wote wawili wakabeba madirisha ndani. Aliyapachika mchana ule huku mzee wa kanisa akimsimamia na kumwambia kwamba alitegemea yangeisha mwezi uliopita.

Gari la fedha lilivutwa mpaka kwenye kibanda cha mabati. Spana alifungua injini, na ilikaa mezani vipande vipande siku kumi na moja, kisha mwezi, kwa sababu silinda hedi yenyewe ilikuwa imepinda na nyingine ilikuwa haipatikani. Mwezi huo wote Bi Kioo alikodi pikapu nyeupe. Kila asubuhi saa moja Spana aliipaki mlangoni kwake, na kila asubuhi Bi Kioo alimwonea gere, akasaidia kufunga mikanda, akapanda.

Jumapili moja alikwenda kwa Mwalimu kumwomba radhi. Mzee alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema yamekwisha, mwanangu. Kisha akamuuliza ile pikapu nyeupe inaendeleaje, na Bi Kioo ikambidi amweleze kwamba ni nzima kabisa.