Asubuhi Mwalimu Eliwaza Alipopotelewa na Siku

Watu wa mlimani bado humcheka Eliwaza kwa ile asubuhi, nami nacheka pia. Lakini kwanza mnijibu: nani kati yenu amewahi kukesha peke yake na mtoto anayeota meno, kisha kukicha akatakiwa asimame mbele ya darasa la kwanza na chaki mkononi? Hakuna? Basi tulieni nisimulie.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka ule mvua za vuli zilipochelewa. Eliwaza alikuwa binti wa Suji, wa nyumba ya Wasabato, akaolewa na Hezroni kijiji cha juu zaidi, kwa Walutheri. Hezroni alikuwa karani wa stesheni huko chini Same. Alipanda mlima mara moja kwa mwezi, akakaa siku mbili, akamrusharusha mtoto, akasema, "Huyu mtoto mbona mtulivu hivi," kisha akashuka zake. Usiku wa siku nyingine zote ulikuwa wa Eliwaza.

Mtoto aliitwa Eliufoo, miezi minane. Kila asubuhi mama yake alimpeleka kwa bibi yake Dorkas, mama mzazi wa Hezroni, ng'ambo ya migomba, ndipo akimbilie shule. Ukiusema kwa mdomo ulikuwa mpango mzuri. Kwa mikono na miguu ulikuwa umeshamchelewesha mara tatu mwezi ule. Jumatatu Mwalimu Mkuu Tumainieli, mtu wa saa ya mfukoni na maneno machache, alimwita mezani akamfungulia kitabu cha mahudhurio. Waliochelewa waliandikwa kwa wino mwekundu.

"Jina lako likiwa jekundu tena, nampelekea msimamizi wa shule barua," alisema. "Wapo wasichana wasio na watoto wanaoitaka nafasi hii."

Eliwaza aliipenda kazi ile kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa ukoo wao kushika chaki, na alijua akiipoteza ndiyo basi, hakuna atakayemwita tena.

Sasa asubuhi yenyewe. Ilianza kwa pembe. Kijiji kile kina ndiva, bwawa linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Alfajiri mlinzi wake hulifungua na kupuliza pembe mara moja, ili mwenye zamu ya kumwagilia ajue maji yanakuja. Eliwaza hakuwa na saa nyumbani. Pembe ile ndiyo iliyomwamsha na kumpimia muda. Siku hiyo aliisikia akiwa nusu usingizini, mtoto ameng'ang'ania titi, akajiambia ndiva imefunguliwa, muda upo.

Akakoka moto, akabandika uji. Akachukua debe akaenda kwenye mfereji unaopita nyuma ya nyumba, akaukuta mkavu. Akainama akagusa mchanga kwa kidole, asiyaamini macho yake. Pembe imelia, maji yako wapi? Labda pembe aliiota. Kama aliiota, bado ni mapema mno. Au ililia zamani, maji yakaja yakapita, yeye amelala, na sasa jua liko juu? Akatazama angani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la banda la mbuzi, hujui kama jua limetoka au la. Akarudi na debe tupu.

Ndani uji ulikuwa umefurika ukazima moto. Akamshika mtoto kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akavaa gauni alilolipiga pasi jana, mtoto akamkojolea. Akavaa la Jumapili. Mtoto akalicheulia begani, kidogo tu, akalifuta kwa kanga, akambeba mtoto kwa kanga ile ile, akakumbuka kwamba ndiyo aliyofutia, akamshusha, akaanza kutafuta nyingine, akasahau anatafuta nini. Kiatu cha kushoto alikipata chini ya kitanda. Cha kulia alikitafuta mpaka akataka kulia, kumbe amekivaa.

Pembe ikalia tena. Mara moja? Mara tatu? Eliufoo alikuwa akipiga kelele, nani angehesabu. Eliwaza alisimama katikati ya nyumba akiwa amepigwa na bumbuwazi. Kama hii ndiyo pembe ya ndiva, ile ya kwanza ilikuwa ya nini? Na kama ile ndiyo ya ndiva, hii inamwita nani? Akaona kufikiri kunampotezea muda, akamfunga mtoto mgongoni akatoka mbio.

Kwa Dorkas mlango ulikuwa umewekewa fimbo, alama kwamba wenyewe hawapo. Akaita. Kimya. Akakimbilia kwa jirani, Koleta, ambaye huwa hatoki kwake kabla ya kula. Fimbo mlangoni. Nyumba ya tatu, fimbo. Hakuna moshi, hakuna anayetwanga, hakuna shoka linalolia popote mlimani. Hata mfereji hausemi.

Hapo ndipo binti wa Suji alipoamka ndani yake. Tangu utotoni, asubuhi ya namna hii kwao ilikuwa moja tu kwa juma: hakuna jembe, hakuna moto, maji yalichotwa tangu jana, watu wote wako kanisani. Leo ni Sabato! Leo Jumamosi, hakuna shule! Nawaambieni ukweli, usingizi ulikuwa umemchanganya mpaka akasahau ameolewa. Alikuwa amesimama katikati ya Walutheri, watu ambao Jumamosi hulima mpaka jioni, na hilo halikumjia kabisa.

Alifurahi kweli kweli. Akakaa kwenye kizingiti cha mavyaa wake, akamtoa mtoto mgongoni, akamnyonyesha taratibu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Eliufoo akamshika kidevu. Eliwaza akafumba macho.

Kengele ya shule ikalia.

Aliruka kama aliyemwagiwa maji. Kengele siku ya Sabato? Basi si Sabato. Na kama si Sabato, watu wako wapi, na mtoto anamwachia nani? Mtoto shuleni alikuwa marufuku, kila mwalimu alilijua hilo. Lakini kumweka chini hakuwezekani. Akakimbia naye, viatu vikiteleza kwenye njia ya mawe.

Shule ilikuwa tupu. Madarasa wazi, madawati yamepangwa, hakuna hata mtoto mmoja. Kengele ilikuwa imelia, hilo hakuliota, au aliliota? Akaingia ofisini. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa mezani, ukurasa mpya, hauna hata tarehe, maana Mwalimu Mkuu mwenyewe ndiye huiandika. Kando yake vidau viwili vya wino na kalamu. Saa pekee ya shule ilikuwa mfukoni mwa Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu hakuwapo.

Akachovya kalamu. Angeweza kuandika saa moja na nusu, saa ya kuanza shule, kwa wino mweusi, safi, na nani angejua? Alitamani sana kuandika hivyo. Lakini hakuwa na hakika hata ya uongo wenyewe; pengine kweli ilikuwa saa moja na nusu. Mwishowe akaandika: *Eliwaza. Nimefika, na mtoto. Saa siijui.* Aliandika kwa wino mweusi, kwa kuwa mwekundu hakujua kama anaustahili.

Akakaa akimbembeleza mtoto, muda ukapita, ndipo akasikia vishindo uani. Mwalimu Mkuu Tumainieli akaingia, jembe begani, suruali imekunjwa, tope mpaka magotini. Nyuma yake wanafunzi wote, tope. Nyuma ya wanafunzi Dorkas, tope kuliko wote.

"Shikamoo, mwalimu," Eliwaza alisema, asijue aseme nini kingine.

"Marahaba. Hukuja kwenye msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, hakuna anayesamehewa, awe mchungaji awe mwalimu. Siku ile walikuwa wakizoa tope ndivani, ndiyo maana haikufunguliwa na mfereji ukakauka. Pembe yake hulia mara tatu. Alfajiri Eliwaza alisikia mlio wa mwisho tu, na ile ya pili ilikuwa ya kuwahimiza waliochelewa. Tangazo lilitolewa jana jioni kutoka kilimani, naye jana jioni alikuwa na Eliufoo anayelia mdomo wazi. Na kengele? Mwalimu Mkuu aliigonga awakusanye wanafunzi, akawapeleka mbio wakasombe tope la mwisho, kabla Eliwaza hajafika.

"Lakini nilipita kwako alfajiri," Dorkas alisema. "Nikakuita dirishani. Nikakwambia umlete mtoto ndivani, Justa mzee ndiye anakaa na wachanga wote. Ukaniitikia, 'Ndiyo, mama.'"

Eliwaza alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka kitu. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshainama juu ya kitabu. Alisoma mstari ule, akausoma tena. Akatoa saa yake mfukoni. "Saa mbili na dakika ishirini," alisema.

Akakaa. Akachovya kalamu kwenye wino mwekundu, Eliwaza akaona yamekwisha. Kalamu ikapita juu ya jina lake, ikaenda mwanzo wa ukurasa ambapo hapakuwa na jina la mtu, maana Mwalimu Mkuu alikimbilia msaragambo bila kusaini. Akaandika polepole: *Tumainieli, saa mbili na dakika ishirini.* Akaupuliza wino ukauke.

"Msimamizi akiutaka ukurasa huu, atauona wote," alisema, akakifunga kitabu. "Barua siandiki. Watoto wanakungoja."

Eliwaza akamnyoshea Dorkas mtoto. Dorkas akamwonyesha viganja vyake. "Mikono yangu hii? Nenda naye, nikishanawa nitamfuata." Mwalimu Mkuu akageukia dirishani akatazama ukungu.

Basi akaingia darasani, Eliufoo mgongoni, amelala fofofo sasa, baada ya kufanya yote aliyoyafanya. Wanafunzi wakasimama wakamwamkia, wakakaa. Eliwaza akachukua chaki, akaugeukia ubao, mahali ambapo kila asubuhi huandika jina la siku, na mkono ukasimama.

Akawageukia watoto. "Haya," alisema kwa sauti yake ya kila siku. "Nani ataniambia leo ni siku gani?"

Mikono ikainuka darasa zima. Tangu aanze ualimu hakuwahi kuuliza swali asilolijua jibu lake, naye alilingoja kuliko wote.