Nimesoma, Nimeelewa

Emil Gagnon aliajiriwa kutengeneza rada za jeshi, lakini saa ya chakula, wenzake wakila, yeye alitengeneza mchezo: vijiti viwili vyeupe vikirushiana kidoa kwenye kioo cha televisheni. Mwaka ule wa 1966, watu wa Nashua, mji mdogo wa Marekani, waliitazama televisheni kama wanavyomtazama kasisi mimbarini. Kuichezea nani aliwaza?

Kampuni ilikuwa na desturi yake. Kila ukurasa wa daftari la mhandisi ulitiwa sahihi mbili: ya aliyebuni, na ya shahidi chini ya maneno "Nimesoma, nimeelewa." Shahidi wa Emil alikuwa Chester Whitcomb, jirani yake wa meza.

"Na wewe tia yako, Mfaransa," Chester alimwambia, akimtania kwa asili ya jina lake.

"Miaka minane nilitia sahihi kuingia na kutoka kiwanda cha nguo, usiku nikisoma. Sasa mimi ni mhandisi. Mwandiko wangu unatosha."

"Haya, bwana mkubwa!" Chester akacheka, akasaini.

Ndivyo walivyofanya kwa kurasa mia mbili na kumi.

Miaka sita baadaye mchezo ukawa tayari kuuzwa, na mwanasheria wa kampuni akaja kuandikisha jina la mbunifu. Alifunua daftari pole pole.

"Jina la Bwana Whitcomb naliona kila mahali. Lako liko wapi?"

"Mwandiko wote ni wangu!"

"Hata karani huandika, mzee. Sheria inataka sahihi."

Emil akamgeukia rafiki yake. "Chester, si uwaambie?"

Chester alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaipangusa tena. "Tulikuwa pamoja, Emil. Nani alianza, nani alifuata... ni zamani sana."

Jina lililoandikwa likawa la Chester.

Siku ya kuwaonyesha waandishi wa habari, hotelini, binti wa mlangoni alimsogezea Emil kitabu cha wageni. "Sahihi yako hapa, baba." Emil alisaini jina lake lote, herufi kwa herufi, akaenda kusimama nyuma.

Mbele, kamera zikimmulika, Chester alizungusha kitufe. Kijiti kikakwama juu ya kioo. Akazungusha tena, kidoa kikapotea. Watu wakaanza kuguna.

"Emil!" aliita, jasho likimtoka. "Njoo bwana, hiki kidude kinazungushwa upande gani?"

Ukumbi mzima ukageuka. Emil alivaa kofia yake.

"Si ulisoma, Chester? Si ulielewa?"

Akatoka.